Mstari Uliopinda

Mimi ni fundi miwani. Nakata vioo, nanyoosha mikono ya fremu,
nakaza skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta.
Wateja wakiniita daktari
nachelewa kidogo kuwasahihisha. Nakiri.
Nina koti jeupe, na koti jeupe husema lenyewe.

Deolinda mfuma lesi aliingia Jumatatu,
Vila do Conde nzima ikinuka mvua na mkate:
"Aurélio, miwani yako imelewa.
Nachoma pini penye mstari, mstari unanikwepa.
Hata mlango wa kanisa leo umeniinamia."

Nikacheka. Nikapasha moto fremu, nikainyoosha.
Alhamisi akarudi. Nikafuta vioo, nikakaza pua.
Wiki iliyofuata nikamuuzia fremu mpya,
ya kahawia, nyepesi, yenye punguzo.
Alilipa kwa noti zilizokunjwa mara nne.
Noti zile bado zinanikwaruza.

Mara ya nne sikuwa na cha kuuza.
Nikamvusha barabara hadi kwa Graça,
mpima macho, mwenye chumba cheusi na subira nyingi.
Graça hakati kioo. Kazi yake ni kuuliza:
hii au hii? Ya kwanza au ya pili?
Huuliza mpaka nuru ikubali kutua
pale inapopaswa kutua, si nyuma, si mbele.
Namba anazoandika yeye, mimi nazitii.

Siku hiyo hakuandika namba.
Alimpa karatasi ya miraba midogo midogo:
"Ziba jicho moja. Unaona nini?"
"Katikati pamebonyea," akasema Deolinda,
"kama kitanda mtu alichoondoka sasa hivi."
Graça akamulika ndani, akakaa kimya,
kisha akachukua bahasha.
"Hii si ya kioo, Aurélio.
Wala si yangu. Mimi naweza kuona moshi;
wa kuzima moto yuko Porto. Nendeni leo."

Nikafunga duka saa nne asubuhi. Tukapanda metro.
Deolinda alihesabu stesheni kwa sauti zake,
maana majina ukutani yalikuwa yameungua katikati.

Daktari bingwa, Benilde Sottomayor,
alisomea mwili mzima kabla ya kuchagua jicho.
Akatia matone, mboni zikafunguka kama visima.
Akapiga picha ya ukuta wa nyuma,
akatuonyesha: mshipa unavuja, mchanga kabisa,
umeota pasipo ruhusa chini ya kitovu cha kuona.
Dawa ni sindano. Ndiyo, ndani ya jicho.

Deolinda akashika mkono wangu, akasema kwa dari:
"Miaka hamsini nimechoma pini kwenye mto.
Leo mto ni mimi."

Ilikwisha kabla sijamaliza kufumba macho yangu.
Akavaa miwani, ikateleza hadi mdomoni.
Daktari akaibonyeza huku, akaibonyeza kule,
mikono ile iliyotoka kuingia ndani ya jicho
ikashindwa na kipande cha waya.
Nikatoa bisibisi mfukoni. "Hapo, Daktari, niachie mimi."
Tukacheka watatu, yeye kwa jicho moja.

Sasa ni kila mwezi: metro, matone, sindano.
Mstari umenyooka, si wote.
Vidole vyake vinakumbuka kilichobaki.

Na mimi, mtu akija kutaka fremu,
kwanza namwambia: ziba jicho moja, tazama ubao wa mlango.
Sasa jingine. Umenyooka?
Ukipinda, simuuzii kitu. Namwonyesha barabara.

Juu ya kaunta nimeweka lesi aliyonipa,
ile ya majuma yale ya kwanza. Safu moja imekwenda upande.
Nilimwomba aifumue, airekebishe.
"Iache," akasema. "Hiyo ilijua mapema.
Aliyechelewa ni wewe."